Mafahali Weupe wa Mibirizi

Odette Nzigire alikuwa na bucha Kamembe, kwenye barabara inayoteremka kutoka uwanja wa ndege, na waliomjua walisema hakuna pua kali kama yake kutoka pale mpaka Bukavu. Nyama ikianza kuharibika, yeye alijua kabla hajavuka kizingiti. Aproni yake aliifua kila jioni kwa maji ya moto. Gogo la kukatia alilisugua kwa chumvi na majivu mpaka likawa jeupe kama mfupa, na mtu aliyetema mate karibu na mlango wake alifukuzwa hata kama alikuja kununua paja zima.

Hakuzaliwa katika kazi hiyo. Alivuka daraja la Rusizi akiwa bibi harusi, binti wa Kishi kutoka upande wa Bukavu, aliyeolewa na mchinjaji wa upande wa pili, na mumewe alipofariki kwa ugonjwa wa ini, ndugu wa mume walitarajia auze visu arudi kwao. Aliyewanyamazisha alikuwa Kayitare, kaka mkubwa wa marehemu, mfugaji wa Mibirizi. Aliwaambia mwanamke huyu abaki na bucha yake, na matanga yalipokwisha akamteremshia fahali wa kwanza kutoka kwenye zizi lake mwenyewe. Odette hakuusahau wema huo. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yalimkwama kooni kuliko ambavyo yangemkwama mtu mwingine.

Mambo yalianza kwa ubishi. Chama cha wafugaji na wachinjaji wa Rusizi kilikuwa kimegawanyika vipande viwili. Upande mmoja ulishikilia ng'ombe wa pembe ndefu, wale ambao babu zao waliwaimbia na kuwapaka siagi. Upande wa pili ulitaka machotara, waliopatikana kwa kuwapandisha ng'ombe hao mbegu ya Sharole, aina ya ng'ombe wa Ulaya wanaofugwa kwa ajili ya nyama tu. Ndama wa Sharole walizaliwa na rangi ya maziwa, na pale Kamembe wakaitwa "bazungu". Kila mkutano ulikuwa kelele. Wa pembe ndefu ni mifupa na fahari, walisema hawa. Wazungu ni maji matupu, ukiwaweka kwenye sufuria wanayeyuka, walisema wale.

Mwishowe Bizimana, mwenyekiti wa chama, mtu mwenye tumbo kubwa na sauti ya kanisani, alipendekeza jambo la maana: wapimwe. Wachukuliwe mafahali wa umri mmoja, nusu wa pembe ndefu na nusu wazungu, wakae kiraro kimoja, wale chakula kimoja cha majani ya mabingobingo, pumba za mahindi na chumvi. Kila mwezi wapimwe uzito. Wakishakomaa wachinjwe siku moja, nyama yao ipimwe na mifupa yake, kisha bila mifupa, na ijulikane nani anampa mfugaji nyama nyingi. Muhigirwa, daktari wa mifugo wa mradi uliokuwa ukigawa mbegu, angesimamia vipimo. Odette angeuza nyama na kusema wanunuzi wameipendaje. Kiraro kilichochaguliwa kilikuwa cha Kayitare, kwa sababu kilikuwa na sakafu ya saruji na maji ya bomba.

Odette alifurahi. Alipenda kitu kinachopimwa kikaonekana. Kila mwezi alipanda pikipiki mpaka misheni ya Mibirizi, kisha akafuata kwa miguu kijia kinachopita kati ya migomba, na kumshikia Muhigirwa utepe wa kuzungushia kifua cha mnyama. Miezi ya kwanza walikaribiana. Halafu wazungu wakawaacha wenzao kama watu waliopanda gari. Shingo zikajaa, mapaja yakafanya mikunjo, migongo ikawa mipana kiasi cha kulazia mtoto. Wa pembe ndefu walisimama upande wao wa kiraro, wembamba, wakitafuna majani na kutazama.

"Bale bazungu banavimba kama mukate," Kayitare alisema akicheka, mikono kiunoni. "Unaona, shemeji? Damu njo inasema."

Odette alicheka naye. Ila kila alipoingia kiraroni kulikuwa na harufu iliyompiga usoni. Si harufu ya mavi ya ng'ombe, ile aliizoea na hata kuipenda. Hii ilikuwa kali, inachoma macho, na chini yake kulikuwa na kitu kitamu kilichooza. Muhigirwa naye alikohoa akafungua dirisha. "Iko mikojo," Kayitare alisema. "Mvua ni mingi, sakafu haikauke." Wakayaacha hapo.

Karibu na Pasaka fahali mmoja mweupe aliteleza kwenye saruji akavunjika mguu. Ikabidi achinjwe hapo hapo. Chama kilikubali atolewe kwenye hesabu, nyama ikagawanywa, na Odette akapeleka kipande kizuri cha mbavu kwa mama mkwe wake, Nyirabagenzi, aliyeishi kwa Kayitare, chumba cha uani. Bikizee huyo alikuwa mgumu wa kula. Katika maisha yake yote kuku hakuwahi kumgusa mdomo. Kwake kuku alikuwa ndege anayekula mavi, na mtu anayemla kuku hakuwa tofauti sana na kuku mwenyewe. Lakini nyama ya ng'ombe aliipenda, na siku ile aliitafuna polepole kwa fizi zake, mafuta yakimtiririka kidevuni, akaomba kingine.

Odette naye alikula. Mafuta yalikuwa mengi, ya manjano, laini. Yalikuwa na mnuko kidogo, akalaumu sufuria. Alikamulia ndimu akaendelea. Watoto wake walilamba mifupa.

Wiki chache baadaye alipanda Mibirizi bila taarifa. Alikuwa amepata mawe ya chumvi mazuri sokoni, akaona awapelekee wanyama. Ilikuwa mchana, jua limesimama, na Kayitare hakuwepo; mkewe alisema amekwenda hospitali ya misheni kung'olewa jino. Odette akaingia kiraroni peke yake na kusambaza chumvi. Upande wa wa pembe ndefu hori lilikuwa na majani mabichi. Akavuka upande wa wazungu.

Hori lao lilikuwa limefunikwa kwa gunia. Juu ya gunia nzi walikuwa wengi hata rangi ya gunia haikuonekana. Alipolifunua, nzi wakainuka wakampiga usoni na mdomoni, akatema, akajifuta kwa mkono. Ndani kulikuwa na uji mzito wa kijivu unaong'aa kwa molasi. Fahali mmoja alisukuma kichwa mbele akachota kinywa kizima na kutafuna, na kwenye pua yake iliyolowa kulikuwa kumebandika manyoya meupe madogo.

Odette akatumbukiza mkono. Hakujua kwa nini alifanya hivyo badala ya kuita mtu. Pengine ni mazoea ya mchinjaji, anayetaka kugusa ndipo aamini. Uji ulikuwa wa moto, ulikuwa ukichacha. Vidole vyake vikakutana na kitu chenye magamba, akakivuta. Ulikuwa mguu wa kuku na kucha zake, ngozi ikichomoka kama soksi. Akaingiza tena mkono, akatoa kichwa kizima, upanga wa utosini umekuwa mweusi, na mahali pa jicho palikuwa na funza weupe wanaozunguka.

Alitupa kile kitu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Fahali akanyoosha shingo akamlamba mkono ule, ulimi mrefu, wenye kukwaruza kama msasa, kwa upendo kabisa. Odette alitapika sakafuni pale pale, akatapika mpaka yakatoka maji ya kijani, na akili yake ikawa inarudi kwenye jambo moja tu: zile mbavu, yale mafuta, wale watoto wakilamba mifupa.

Kayitare alimkuta nje kwenye bomba, akijisugua mkono kwa mchanga. Shavu lake lilikuwa limevimba na pamba ilikuwa bado mdomoni.

"Shemeji," Odette alisema bila kuinua macho, "bale bazungu unabapatia nini?"

Kayitare alitazama mlango wa kiraro uliokuwa wazi, akaelewa. Hakuona aibu. Alivuta gogo akaketi.

"Ni takataka ya banda ya kuku," alisema. "Mavi, maranda, na molasi ya kuilainisha. Muntu mumoja wa Gihundwe ananipatia. Anashukuru hata, kwake imejaa, hana pa kuitupa."

"Na zenye zilikufa?"

"Zinakuya pamoja na takataka. Nitazitoa moja moja? Ni protini ile, Odette. Ngombe haijue. Inalamba tu."

"Na za pembe ndefu?"

"Zile zinakula majani. Zimezoea majani."

"Tulisema chakula kimoja."

"Tulisema!" Kayitare akatema damu pembeni. "Sikiliza. Chama kinataka bazungu bashinde. Mradi unataka bashinde. Mi niko na mitamba kumi na miwili ya damu ile. Bakishinda, kila muntu wa Rusizi atakuya hapa kuomba ndama. Nani ameumia? Nyama ni nyama. Inaingia mavi, inatoka nyama. Hata mabingobingo yanaota ku mavi."

"Mama yako alikula ile nyama."

"Na akaomba ingine," Kayitare alisema, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu ya jino.

Kicheko kile ndicho kilichomchukiza Odette kuliko funza. Aliteremka kwa miguu njia nzima. Hakutaka kupanda pikipiki, aliogopa dereva angemnusa.

Kesho yake alikwenda kwa Bizimana. Mwenyekiti alikuwa mezani, akila. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akichomoa mnofu katikati ya meno kwa kijiti, na Odette alipofika kwenye kichwa cha kuku, Bizimana aliangalia kijiti, akalamba kilichokuwa kwenye ncha yake, na kusema, "Maman Odette, mambo ya jikoni haizungumzwe sebuleni. Batu ba mradi bamekwisha kualikwa. Ukiharibu siku ile, utaharibu chama." Odette akatambua kwamba haikuwa habari mpya kwake.

Muhigirwa, alipoambiwa, angalau alibadilika rangi. Alisema kuna nchi ambako takataka ya kuku hukaushwa, ikachujwa na kulishwa ng'ombe, lakini mizoga ni sumu, na kwamba ng'ombe wa kiraro kizima wangeweza kupooza na kufa. Alishika kichwa. Kisha akasema vipimo vya miezi yote alishavipeleka na jina lake liko juu yake. "Nipe muda," alisema. Odette alimtazama kijana huyu safi, mwenye buti za mpira zisizo na doa, akaona kwamba muda anaouomba ni wa kusubiri jambo lipite. Aliaga bila kumpa mkono.

Basi siku ya kuchinja ikafika. Machinjio ya nje kidogo ya Kamembe yalipambwa kwa vitambaa. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki, na nyuma yao kulikuwa na wanunuzi kutoka Bukavu, akiwemo Mulume, mtu mpole mwenye mkahawa karibu na daraja, mteja wa Odette wa miaka mingi. Wa pembe ndefu walichinjwa kwanza. Walipopasuliwa, matumbo yalimwaga majani ya kijani yenye harufu ya shamba lililokatwa asubuhi. Wakatundikwa, wakapimwa, nyama nyekundu, mafuta kidogo, mifupa mirefu.

Kisha wakaletwa wazungu. Wa kwanza alipopasuliwa tumbo, mchinjaji aliruka pembeni. Kilichomwagika kilikuwa cheusi, kinavuta kama gundi, na ndani yake kulikuwa na manyoya yaliyoshikana mabonge, vipande vya waya, mfuko wa plastiki, na mabaki ambayo hayakuwa na jina. Uvundo ulitambaa chini ya viti kama moshi. Wageni walivuta kola za mashati wakaziba pua. Mmoja alisema, "Ah, tumbo la ng'ombe!" na wengine wakacheka kwa adabu, kana kwamba tumbo lote la ng'ombe hunuka hivyo, wakati lile la kijani lilikuwa bado linafuka hatua chache kutoka kwao. Odette aliwaangalia usoni mmoja mmoja. Kila mtu alinusa. Kila mtu alijitia hamnazo.

Mizani ikasema ilichosema. Wazungu waliwazidi wenzao karibu theluthi nzima ya nyama. Makofi yakapigwa. Mkaa ulikuwa tayari, na mishikaki ya ushindi ikaanza kulia juu ya moto. Bizimana alichukua wa kwanza, akauma, na mafuta ya manjano yakamchuruzika hadi kwenye tai. "Njo utamu huu!" alisema kinywa kikiwa kimejaa. "Sasa muuzaji wetu atuambie, bateja banapenda gani?"

Odette alisimama.

"Siwezi kusema, kwa sababu hawa hawakushindanishwa," alisema. "Za pembe ndefu zilikula majani. Hizi zimelishwa mavi ya kuku na kuku waliokufa, wenye funza. Nilitia mukono mi mwenyewe. Yenye ilikuwa tumboni imemwagika pale sakafuni, nendeni muangalie, manyoya iko pale. Nyama hii siuze. Haitaingia bucha yangu."

Mulume wa Bukavu aliutazama mshikaki wake, akauweka kwenye kiti polepole kama mtu anayeweka yai, akatembea mpaka nyuma ya lori, na wote wakamsikia. Mwanamke mmoja alitema kwenye leso. Lakini wengi, na hilo ndilo Odette alilolihadithia kwa miaka, wengi walisita tu kidogo kisha wakaendelea kutafuna. Mtu mmoja alisema moto unaua kila kitu. Mwingine akaomba pilipili.

Kayitare hakupiga kelele. Alimsogelea na kumwambia taratibu, "Nilikutetea mbele ya ndugu zangu. Kuanzia leo usikanyage kwangu." Akamwachia kisogo.

Habari ilipanda Mibirizi kabla ya jua kuzama na ikamfikia Nyirabagenzi. Walioshuhudia walisema bikizee hakulia wala hakulaani. Aliomba maji, akasukutua, akaomba mengine, akasukutua. Siku zilizofuata alikataa kila kilichopikwa kwenye sufuria za nyumba ile, akala viazi vya kuchoma kwenye majivu tu, na mwanawe alipoingia chumbani kumsalimu, aligeukia ukutani akavuta khanga puani. Mwishowe alimtuma mtu kwa Odette aje kumchukua. Odette akamchukua, akamweka chumba cha nyuma ya bucha, na kila mara alipomtengea chakula bikizee aliuliza kimetoka wapi, na Odette alimjibu kwa ukweli.

Mradi uliondoka kwa aibu ya kimyakimya, bila tangazo. Muhigirwa alirudi mwenyewe baada ya miezi, amekonda, akisema anataka kurudia kipimo kwa njia safi ingawa hakuna aliyemtuma. Nyirahabimana, mjane mwenye shamba upande wa Nkungu, alikubali kutoa kiraro. Safari hii Odette alikwenda bila taarifa kila alipopenda, na kila alipokwenda alitumbukiza mkono horini mpaka kiwikoni. Majani, pumba, chumvi. Kwa wote.

Alitamani wa pembe ndefu washinde. Hilo hakulificha. Aliwatazama wakitembea na pembe zao zile kubwa, akawaombea kimoyomoyo kama mtu anayeombea timu. Hawakushinda. Wazungu walikua haraka zaidi, si kwa ule uvimbe wa Mibirizi, ila tofauti ilionekana wazi kabisa, na walipochinjwa walitoa nyama zaidi, nyekundu, safi, mafuta meupe yenye harufu ya maziwa. Matumbo ya wote yalimwaga kijani. Wateja wengine walipenda ladha ya wa pembe ndefu, lakini mizani haikuwa na shaka.

Muhigirwa alifurahi hata akataka kumkumbatia. Odette alikwenda kukaa juu ya jiwe nje ya ua. Kichefuchefu kilimpanda upya, kibaya kuliko kile cha siku ya hori. Kumbe Kayitare angeshinda. Angewapa majani kama walivyokubaliana, angekaa kivulini, na angeshinda. Funza wote wale, uvundo wote ule, mama yake mzazi kulishwa uchafu ule, havikuwa na kazi yoyote.

Mwaka uliofuata Kayitare alishuka Kamembe, akasimama nje ya bucha kofia mkononi. Alikuwa amezeeka. Alisema wanunuzi wamemkimbia, hata wale waliotafuna mishikaki siku ile. Alisema kiraro amekipiga chokaa na takataka ya kuku haijaingia kwake tena. Ana mafahali wawili wazuri, Odette aje aangalie mwenyewe.

Odette alikwenda. Alikuwa na deni la wema kwa mtu huyu na alitaka kumsamehe. Alipanda kijia kile akijiambia hivyo. Kiraro kilikuwa cheupe. Hori lilikuwa na mabingobingo, yenye umande bado. Alitia mkono, akapekua mpaka chini, akanusa vidole. Hapakuwa na kitu ila majani.

"Unaona?" Kayitare alisema. "Ni safi."

"Niko naona."

"Basi utabachukua?"

Akamnyooshea mkono ili wakubaliane, kama zamani. Odette aliutazama ule mkono, mkono wa mfugaji, umeoshwa, kucha zimekatwa. Alijilazimisha. Aliinua wake mpaka nusu, na hapo mate yakamjaa mdomoni, akajua kwamba akiushika atatapika mbele yake.

"Mama yako anakusalimia," alisema, ingawa haikuwa kweli, akageuka akashika njia ya kuteremka.